Mauser 71, Lee-Enfield au Gewehr 98: ipi ya kuifufua kwa shabaha?

Mwezi uliopita shemeji yangu aliye Ohio alinitumia picha tatu kwa mpigo, bila hata salamu. Bunduki tatu za kijeshi za zamani, zimeegemezwa ukutani ndani ya duka la vitu vya kale, na chini yake maneno manne: "Shem, nichukue ipi sasa?" Nikamjibu: "Risasi zake utazipata wapi?" Akanyamaza mpaka usiku.

Zilikuwa Mauser ya modeli ya 1871, Lee-Enfield ya .303 (kipimo cha mtutu kwa inchi) na Mauser Gewehr 98. Kwa bahati tu, ni aina zilezile tatu zilizokutana kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado wanabeba ile ya 1871, ya baruti nyeusi. Ukipiga mara moja, moshi unamwonyesha adui kichaka ulichojificha. Novemba ya mwaka huohuo, mapigano ya Tanga yalipokwisha, walikuwa wameteka kwa Waingereza bunduki 455, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000. Aprili 1915 meli ya Kijerumani, Rubens, ikapenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki za Mauser za modeli ya 98 zipatazo 1,800. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaipiga mizinga, lakini shehena nyingi iliokolewa. Askari aliyeanza vita na 1871 angeweza kuvimaliza akiwa ameshazibeba zote tatu.

Ninaandika kwa ajili ya mtu kama shemeji: yuko mahali ambapo sheria inamruhusu kumiliki bunduki ya zamani, anataka kuitengeneza na kwenda nayo uwanja wa shabaha, na hajui aanzie ipi. Aliye nyumbani, aliyekuta bunduki ya babu darini, nitafika kwake mwishoni.

Nitakavyozipima

Kila moja nitaiangalia kwa mambo manne. Kwanza risasi: zinauzwa dukani au itabidi ujaze mwenyewe? Pili chuma: ni kitu gani huharibika zaidi katika bunduki ya aina hiyo, nacho kinaonekanaje? Tatu ukarabati: kipi ukifanye mezani kwako, kipi ni cha fundi bunduki, na kipi kisifanywe na yeyote. Nne uwanjani: ukiipiga inakuwaje. Bei nimeiacha kwa makusudi, maana inabadilika kwa hali na kwa namba zilizogongwa kwenye chuma kuliko kwa modeli.

Risasi nimeitanguliza kwa sababu ndiyo watu huisahau. Bunduki unainunua mara moja, risasi utazitafuta maisha yako yote.

Ukaguzi wa bunduki yoyote kati ya hizi

Kabla ya yote hakikisha haina risasi. Fungua komeo (kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele), tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Mtu aliyekwambia "haina kitu" huenda naye aliambiwa.

Toa komeo, umulike kwa tochi ukitazama kutoka nyuma. Weusi ndani ya mtutu usikutishe. Mitutu mingi ya zama zile ni myeusi lakini mifuo yake (ile mistari inayozunguka ndani) bado imesimama na inapiga vizuri. Cha kutisha ni pete ya kivuli katikati ya mtutu, kama mtu amechora duara kwa penseli. Hapo mtutu umevimba: siku moja risasi ilikwama, nyingine ikafuata nyuma yake. Mtutu wa namna hiyo hautengenezwi, unabadilishwa.

Mdomo wa mtutu nao una jambo lake. Askari walisafisha kwa mdeki au kwa kamba kutoka mbele, miaka nenda rudi, na chuma kikalika. Chukua kichwa cha risasi kitupu, kisicho na ganda wala baruti, ukisimamishe mdomoni. Kikizama chote kama kimemezwa, usitarajie shabaha ya kujivunia.

Mti (ule ubao unaobeba mtutu na chuma) lazima uvuliwe. Hili wauzaji hawalipendi, nami silisamehe, kwa sababu kutu mbaya hukaa pale ambapo mti unagusa chuma. Juu ya mstari wa mti chuma kinang'aa, na chini yake kuna mashimo ambayo ukucha unaingia.

Nyufa za masikio ya komeo, yale yanayoshikilia komeo lisirudi nyuma risasi inapolipuka, mimi huzitafuta kwa mafuta ya taa na chaki. Lowesha, acha dakika kumi, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatapanda taratibu na kuchora mstari mwembamba kama unywele. Mafundi wa injini wanaijua mbinu hii tangu zamani.

Halafu kuna pengo. Ukifunga komeo juu ya risasi, kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda hubaki nafasi ndogo mno. Nafasi hiyo ikizidi, ganda hunyooka kupita uwezo wake, likakatika, na gesi ya moto ikakurudia usoni. Pengo linapimwa kwa geji za chuma, ukiwa umetoa pini ya kufyatulia na kucha ya kuvutia ganda: moja komeo lazima lifunge juu yake, nyingine lisifunge. Funga kwa ncha za vidole. Ukilazimisha utajidanganya. Kama hujawahi kushika geji, lipa fundi akufanyie, na ukae pembeni yake uone.

Mauser ya 1871

Hii ndiyo bunduki ya kwanza ya ndugu Wilhelm na Paul Mauser wa Oberndorf kukubaliwa na jeshi la Ujerumani. Ni ya risasi mojamoja na mtutu wa milimita 11. Ubavuni utaona maandishi ya Kijerumani ya mtindo wa kale, "I.G. Mod. 71". Ndugu yake ya baadaye, 71/84, ina magazini ya bomba chini ya mtutu inayobeba risasi 8.

*Risasi.* Kiswahili kina neno moja kwa madini ya risasi na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, na kwa Mauser 71 maana hizo mbili ni kitu kimoja kweli. Kichwa chake ni bonge la gramu 25 la risasi laini iliyochanganywa na bati kidogo, na nyuma yake kuna gramu 5 hivi za baruti nyeusi. Dukani hutazikuta. Maganda huagizwa kwa watengenezaji wachache, vichwa utavimimina mwenyewe au utamnunulia anayemimina, na unajaza kwa mkono ganda moja baada ya jingine. Mwenye haraka hapa atateseka. Ila maganda 40 ukiyatunza yatakupeleka miaka mingi, kwa sababu shinikizo ni dogo na hayachoki upesi.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiiweke humu kwa kujaza ganda kama unavyojaza nyeusi. Kiasi kilekile kwa ujazo kitapasua chuma hiki, na anayekusimulia kwamba yeye hufanya hivyo na hajaumia, mwache aendelee kusimulia akiwa mbali nawe.

*Chuma.* Komeo la 71 halina masikio mawili ya mbele kama la 98. Linashikiliwa na ubavu mnene uliopo penye mpini. Kwa baruti nyeusi inatosha kabisa. Tazama pale ubavu unapogusa chuma cha fremu (ule mwili wa bunduki ambamo komeo linatembea): pakiwa na mkunjo au pamechimbika, kuna mtu alishawahi kuijaribu kwa baruti isiyo yake. Kucha ya kuvutia ganda ni nyembamba na mara nyingi imekatika. Juu ya komeo kuna skrubu yenye washa kubwa ambayo watu huidharau. Hiyo washa ndiyo inayozuia komeo lisikuponyoke mkononi unapolivuta nyuma. Ikiwa nyuzi zimelika, komeo zima litatoka.

*Ukarabati.* Kati ya hizi tatu hii ndiyo nyepesi kwa mkono wa mtu wa kawaida. Vipuri ni vichache na vikubwa, skrubu ni pana, na inafunguka yote juu ya meza ya jikoni. Kutu ya juu itoe kwa mafuta na stiliwulu laini, polepole, bila msasa. Mti unyweshe mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, ukiyapa muda wa kukauka. Kazi ya fundi ni kucha mpya, springi kuu ikiwa imelegea, na kupima mtutu kwa ndani: anasukuma kipande cha risasi laini kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha anakipima kwa maikromita. Usimimine vichwa kabla ya kupata kipimo hicho. Mitutu ya zama zile inatofautiana, na kichwa chembamba kuliko mtutu kitapita kinayumba, kikiacha madoa ya risasi njia nzima.

*Uwanjani.* Unapiga, unasikia mshindo mzito, unasubiri wingu lipite ndipo ujue ulipiga wapi. Harufu ni ya kiberiti. Haikugongi begani kwa ukali, inakusukuma. Ile ya 1871 haina kifaa cha kurusha ganda nje: unavuta komeo, unailaza bunduki upande, na ganda linadondoka kiganjani mwako, bado la moto. Jioni kuna kuosha kwa maji ya moto na sabuni, siku hiyohiyo, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na ukilala bila kuosha utaamka na kutu.

*Inamfaa* mtu wa subira, anayependa kumimina, kupima na kujaza kuliko kufyatua.

Lee-Enfield, ile fupi ya .303

Nazungumzia Mk III ya 1907 na Mk III* iliyokuja vitani, bunduki ya mti unaofika hadi mdomoni. Katika vita vile wanajeshi wa Kiingereza na Wahindi walikuja kwetu na bunduki za .303 za namna mbalimbali. Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu) nao walibeba .303 kwa miaka mingi, na wazee waliopelekwa Burma katika Vita ya Pili walizifahamu kama wanavyofahamu majembe yao.

*Risasi.* Zinauzwa mpya hadi leo, Ulaya na Marekani. Nenda dukani, nunua pakiti, piga. Mtego upo kwenye risasi kuukuu za kijeshi. Fataki zake (vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haitoki kwa mafuta, inatoka kwa maji. Waingereza walimimina maji yanayochemka kwa faneli kutoka chemba, kisha wakakausha na kupaka mafuta. Ukiwa na shaka kuhusu risasi, fanya kama wao.

*Chuma.* Masikio ya komeo yako nyuma, na kichwa cha komeo ni kipande cha peke yake kinachofungwa kwa nyuzi. Kwa hiyo pengo ndilo jambo la kwanza. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaoisimamisha. Geji ya kwanza ni ya inchi 0.064, na ile ambayo komeo halipaswi kabisa kufunga juu yake ni ya 0.074. Tazama namba za komeo na za fremu kama zinalingana, kwa kuwa komeo lililotoka kwenye bunduki nyingine ndilo chanzo cha kawaida cha pengo kubwa.

Halafu tafuta herufi. Nilipoikuza ile picha ya shemeji niliona D.P. imegongwa kwenye chuma na kurudiwa kwenye kitako. Maana yake ni bunduki ya gwaride: jeshi lenyewe liliikataa kwa risasi za kweli, likaiacha vijana wajifunzie hatua. Nyingine zilitobolewa chemba, nyingine zilikatwa pini, nyingine huoni kitu ila kuna sababu. Usifufue D.P. Iweke ukutani, inapendeza. Zipo pia zilizogeuzwa India kuwa za mtutu laini wa .410, na humo risasi ya .303 haina mahali.

*Ukarabati.* Hapa nakiri kosa langu. Lee-Enfield ya kwanza niliyoimiliki kitako kilikuwa kinacheza. Kitako kimeshikwa na bolti ndefu inayopita ndani ya mti. Nikaingiza bisibisi ndefu, nikazungusha, nikasikia *kwaa*. Ncha ya bolti ile ni ya pembe nne, nayo imekaa ndani ya kibati kilichozamishwa kwenye mti wa mbele. Ukiizungusha kabla hujavua mti wa mbele, unaupasua mti wa mbele. Utaratibu ni mti wa mbele kwanza, kitako baadaye, daima. Niliuziba ufa kwa gundi ya epoksi na vipini viwili vya shaba. Umeshika, lakini kila nikiiangalia naukuta.

Jambo hilo linatufikisha kwenye siri ya Lee-Enfield: shabaha yake inakaa kwenye mti kuliko kwenye chuma. Mti wa mbele unabana kwa nyuma, penye sehemu mbili zinazopokea mshindo, na kwa mbele kuna kipande kidogo chenye springi kinachousukuma mtutu juu. Sehemu zile za nyuma zikilika au zikilowa mafuta na kulainika, bunduki itatawanya risasi hata kama mtutu ni mpya. Kuzirekebisha ni kuchonga vipande vidogo vya mti mgumu, kuvigundisha, na kukwangua kidogokidogo mpaka chuma kiguse pande zote mbili sawasawa. Mwenye mkono wa useremala anaweza. Mwenye papara ampelekee fundi. Pengo likiwa kubwa, fundi hujaribu kichwa kingine cha komeo. Kwa modeli hii vichwa havina namba za ukubwa kama vya No. 4, Lee-Enfield ya baadaye, kwa hiyo ni kupima kimoja baada ya kingine.

*Uwanjani.* Komeo linateleza kama droo iliyopakwa nta. Risasi 10 kwenye magazini, kukoki ni haraka, na mgeni anaizoea kwa dakika tano. Ukimaliza okota maganda uyatazame. Ukiona pete inayong'aa juu kidogo ya kitako cha ganda, chukua waya mwembamba uliokunjwa ncha kama ndoano, uupitishe ndani. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo limeanza kukatika. Litupe, na urudie kupima pengo. Anayejaza upya anyooshe shingo ya ganda tu, maana chemba za kijeshi zilichongwa kwa ulegevu ili zimeze risasi yenye matope, na ganda likirudishwa umbo la kiwandani kila mara halifikishi safari nyingi.

*Inamfaa* anayetaka kupiga shabaha Jumamosi hii, na asiyeogopa kazi ya mti.

Gewehr 98

Ilikubaliwa Aprili 1898, na bunduki nyingi za uwindaji za karne iliyofuata zimekopa komeo lake. Masikio mawili mbele, la tatu nyuma kama akiba, na matundu ya kupitisha gesi pembeni ikiwa fataki itatoboka. Kwa uimara wa chuma hizi nyingine mbili haziifikii.

*Risasi.* Zinapatikana, ila kuna fumbo la historia. Risasi ya kwanza ya 1888 ilikuwa na kichwa cha inchi .318. Tangu 1903 Wajerumani wakaingia kwenye kichwa chenye ncha kali cha .323, na bunduki zilizorekebishwa zikagongwa herufi S. Kwa hofu ya mitutu ya zamani iliyobaki duniani, viwanda vya Marekani hujaza risasi hizi kwa nguvu ndogo, na vya Ulaya hujaza kamili, pakiti ikiandikwa IS au JS. Kwa bunduki ya zaidi ya miaka 100 mimi huchagua zile dhaifu, na hata hivyo baada ya mtutu kupimwa kwa kipande cha risasi laini kama nilivyoeleza kwa ile ya 71. Herufi S peke yake hainitoshi.

*Chuma.* Fremu na komeo ni chuma laini kilichopewa ngozi ngumu kwa nje. Ngozi hiyo ikishindwa, masikio huanza kujichimbia kitanda ndani ya fremu. Dalili yake haionekani kirahisi kwa macho, inasikika mkononi: baada ya kupiga, komeo ni zito kunyanyuka. Ndiyo sababu mtu asikudanganye kwamba "atasugua kidogo" masikio ili komeo lifunge vizuri. Akisugua ameondoa ngozi. Namba nazo ni muhimu hapa kuliko kwingine, kwani Wajerumani waligonga tarakimu mbili za mwisho hata kwenye skrubu ndogo. Komeo la namba tofauti halimaanishi bunduki mbovu. Linamaanisha komeo na fremu havikupimwa pamoja kiwandani.

*Ukarabati.* Bunduki nyingi za vita hizi zimehifadhiwa ndani ya grisi ya kijeshi, nzito kama asali iliyoganda. Itoe kwa joto: wengine huvalisha mti mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani, grisi ikajichuruzikia yenyewe. Jua la Ohio linachukua siku kadhaa, la Dodoma lingemaliza kabla ya swala ya adhuhuri. Tazama nyufa nyuma ya mkia wa fremu na pale mti unapopokea mshindo. Zikiwa changa zinazibika kwa gundi.

Ukikuta namba zote zinalingana, simama hapo. Safisha, paka mafuta, usibadilishe kitu, usikwangue rangi ya chuma. Bunduki hiyo ikikarabatiwa sana inapungua thamani. Na kinyume chake, ile ambayo wawindaji waliikata mti miaka ya nyuma ndiyo ya kujifunzia, maana hakuna cha kuharibu.

*Uwanjani.* Inapiga juu. Kile chuma cha kulengea cha nyuma, kilichopinda kama mteremko wa watoto, kwenye nyingi kinaanzia mita 400, kwa hiyo kwa mita 100 lenga chini ya shabaha au tafuta chuma cha mbele kirefu zaidi, ukihifadhi cha asili kwenye kijaluba. Magazini ni ya risasi 5. Ina uzito wa kilo 4 na kidogo, na bado inagonga bega kwa ukali kuliko 71, hasa kwa sababu bamba la kitako ni la chuma tupu.

*Inamfaa* anayependa ufundi wa chuma na historia ya mihuri, na mwenye fundi wa kumtegemea karibu.

Siku ya kwanza ya kupiga

Hata baada ya fundi kuridhika, risasi ya kwanza usiipige ukiwa umeishika. Ifunge kwenye tairi kuukuu, funga kamba ndefu kwenye kifyatulio, kaa nyuma ya kizuizi, vuta. Fanya hivyo mara tatu, uangalie ganda kila mara. Fataki iliyotoboka, ufa, pete inayong'aa au komeo zito: mojawapo ikitokea, unarudi kwa fundi na bunduki yako. Hata pini ya kufyatulia itazame chini ya kioo cha kukuza, kwani ncha iliyoliwa na kutu hutoboa fataki.

Kwa hiyo wewe ni nani?

Kama hujazi risasi wala huna mpango wa kujaza, 71 iondoe kwenye hesabu, na shindano liwe kati ya .303 na 98. Kati ya hizo mbili, ukiwa seremala zaidi ya fundi chuma, Lee-Enfield itakusamehe mengi. Ukipata 98 yenye mtutu mzuri na komeo lililopita geji, utakuwa na chuma imara zaidi, lakini vumilia bega na mita 400.

Kama bunduki umeirithi na namba zote zinalingana, swali la kuitengeneza linaweza kusubiri. Ikague, isafishe, ipige mara chache kwa risasi nyepesi au usiipige kabisa.

Kama geji imekataa na mtutu umevimba, gharama ya kuifufua itazidi bei ya kununua nyingine iliyo nzima. Hiyo ni ya ukutani, iwe modeli yoyote.

Uko Marekani? Sheria ya shirikisho inaihesabu bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 kuwa kitu cha kale. Mauser 71 inaingia humo, Lee-Enfield Mk III haiingii, na 98 karibu zote haziingii. Majimbo yana sheria zake juu ya hiyo. Mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo aulize mwanasheria kabla ya kuuliza bei. Uingereza unaweza kuwa na baadhi ya bunduki za kale kama pambo bila cheti, lakini siku utakapotaka kuipiga unahitaji cheti.

Uko Tanzania au Kenya na umekuta bunduki ya marehemu babu? Usiijaribu, usiisafishe, usimpigie fundi wa mtaani. Toa taarifa polisi, wao waje au wakuelekeze namna ya kuifikisha. Risasi zilizokaa nayo kwenye boksi la bati zimeshakula unyevu wa miaka. Hata zile za Rubens, zilizoopolewa baharini, ilibidi zifunguliwe moja moja na kukaushwa, na bado nyingine zilikataa kuwaka.

Shemeji aliiacha D.P. palepale dukani. Ile 98 ilikuwa na komeo la namba ngeni, na fundi wa karibu yuko mwendo wa saa tatu. Akachukua 71. Yeye ni fundi bomba, gereji yake imejaa mabomba ya risasi aliyoyang'oa kwenye nyumba za zamani, na sufuria ya kuyeyushia tayari anayo. Bado hajaipiga. Kucha mpya imefika, mtutu umeshapimwa, na maganda 40 aliyoagiza yako njiani.